Nimekariri fomula zote za fedha za kampuni, nimeambulia 38

Barua

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, msimamizi wa wodi, na kwa sasa nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, masomo ya jioni. Muhula huu tuna somo la misingi ya fedha za kampuni. Darasani nimezungukwa na wahasibu na watu wa benki. Mhadhiri akitaja mizania wao wanaitikia kwa kichwa. Mimi naandika mbiombio nisipitwe, nikifika nyumbani nakuta nimejaza daftari maneno nisiyoyaelewa.

Si kwamba sikusoma. Nilitengeneza kadi, kila fomula na kadi yake, nikazikariri mpaka nikawa nazitaja kimoyomoyo nikiwa zamu ya usiku. Mtihani wa katikati ya muhula umerudi: 38 kwa 100.

Swali lililonimaliza ni hili. Kampuni inataka kununua mashine ya 120 (tarakimu zote ni milioni). Mashine itadumu miaka 4, na uchakavu wake unagawanywa sawasawa kila mwaka hadi thamani ibaki sifuri. Kila mwaka mauzo yatazidi ya bila mashine kwa 100, gharama za uendeshaji kwa 50. Kodi ni asilimia 30. Mwanzoni inatakiwa 10 ya mtaji wa uendeshaji, ambayo itarudi mradi ukiisha. Kampuni imeshamlipa mshauri 8 kwa upembuzi yakinifu. Nusu ya bei ya mashine itatokana na mkopo wa riba ya asilimia 10. Gharama ya mtaji ni asilimia 12. Je, inunue?

Nilipata hasi 98, nikaandika isinunue. Mhadhiri kazungushia wino mwekundu na kuandika: "Riba inafanya nini hapa?" Chini yake: "Hii ni faida, si fedha." Mwalimu, sijaelewa hata alichokosoa. Riba si inalipwa? Na faida si ndiyo fedha yenyewe?

Jambo la pili. Tumeingia kwenye nadharia ya wanauchumi Modigliani na Miller, kwamba thamani ya kampuni haibadiliki hata ikope namna gani. Halafu unaambiwa: tuchukulie hakuna kodi, hakuna kufilisika, na kila mtu ana taarifa zilezile. Kampuni hiyo iko wapi? Kwa nini tujaze kichwa kwa dunia isiyokuwepo?

La tatu, kwenye kundi letu la kazi ya pamoja wenzangu wameshika jedwali la Excel, mimi nimepewa kupamba slaidi. Sikubisha, maana uwezo wangu naujua. Mtihani wa mwisho ni baada ya wiki tano. Nimeshachukua fomu ya kuhamia mchepuo wa rasilimali watu, ingawa nasikia hata huko somo hili ni la lazima. Nifanyeje?

Muuguzi Aliyekwama

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole kwa zamu, na pole kwa hiyo 38.

Nianze kwa kukutoa hofu moja. Hesabu hazikukuangusha. Somo lote hili linataka kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na vipeo. Mtu anayekokotoa kasi ya dripu saa tisa usiku, mgonjwa anamwangalia, hashindwi na 1.12 kipeo cha nne. Ulichokosa ni hatua inayotangulia hesabu: uliingia kwenye swali unatafuta fomula ya kupachika, kabla hujajiuliza ni fedha ipi inatoka, ipi inaingia, na lini. Kadi zako zisingeweza kukusaidia hapo, kwa sababu hakuna kadi inayokwambia tarakimu gani iingie na ipi ibaki nje. Na kwenye mtihani wa somo hili, kazi ya mtunga swali ni kukuwekea tarakimu ambazo hazihusiki.

Hebu chukua kalamu tulirudie swali lako polepole. Excel usiiguse.

Chora mstari. Upande wa kushoto andika leo, kisha mwaka wa 1, wa 2, wa 3, wa 4. Kila tarakimu ya swali ipitishe kwenye jaribio moja: kampuni ikinunua mashine, fedha hii itabadilika? Ikikataa kununua, je? Kama jibu ni lilelile kwa pande zote mbili, tarakimu hiyo haina nafasi kwenye mstari.

Ile 8 ya mshauri imeshalipwa. Inunuliwe mashine, isinunuliwe, hairudi. Iache nje. Wanafunzi wengi hili hulikubali kwa mdomo, mkono ukakataa. Wanaona kama wanaficha gharama. Hufichi kitu. Gharama hiyo ipo kwenye vitabu vya kampuni, ila haina la kusema kuhusu uamuzi wa kesho.

Leo kunatoka 120 ya mashine na 10 ya mtaji wa uendeshaji, jumla 130. Wewe hiyo 10 uliisahau kabisa, na nadhani najua kwa nini: haionekani kwenye hesabu ya faida. Ni fedha inayolala kwenye bidhaa ghalani na kwa wateja ambao hawajalipa. Mwisho wa mradi inarudi, lakini inarudi mwaka wa 4, na 10 ya mwaka wa 4 kwa asilimia 12, yaani ukiigawa kwa 1.12 mara nne, ni 6.36 tu ya leo. Kwa hiyo kuilaza kumeigharimu kampuni zaidi ya 3.6, japo kwenye karatasi imetoka 10 na imerudi 10.

Sasa tuje kwenye swali lako, kwamba faida si ndiyo fedha yenyewe. Mauzo 100, toa gharama 50, toa uchakavu 30, inabaki 20. Kodi ya 20 ni 6. Faida ni 14. Lakini ile 30 ya uchakavu mwaka huu kalipwa nani? Hakuna. Mashine ililipiwa siku ya kwanza, yote 120. Mhasibu ameigawa gharama hiyo kwa miaka 4 ili kila mwaka ubebe sehemu yake, na kwa kazi yake yuko sahihi. Wewe unayetafuta fedha, irudishe: 14 jumlisha 30 ni 44. Ukitoa uchakavu kila mwaka na papo hapo ukaweka 120 mwanzoni, mashine moja umeilipia mara mbili. Ndilo kosa kubwa kuliko yote kwenye karatasi yako, na ndilo mhadhiri alilokusudia aliposema hii ni faida, si fedha.

Utauliza: kama uchakavu si fedha, tunauweka wa nini, halafu tuutoe tena? Kwa sababu ya kodi. Uchakavu unapunguza faida inayotozwa kodi, na kodi ni fedha halisi. 30 kwa asilimia 30 ni nafuu ya 9 kila mwaka. Jaribu njia hii ya pili ujihakiki: mauzo kutoa gharama ni 50, baada ya kodi 35, ongeza nafuu ya 9, unapata 44 ileile. Njia zote mbili zikikubaliana, endelea. Zikigombana, rudi nyuma kabla hujapoteza muda kwenye vipeo.

Mstari wako sasa unasomeka hivi: leo hasi 130, mwaka wa 1, wa 2 na wa 3 ni 44 kila mmoja, mwaka wa 4 ni 54, kwa kuwa ile 10 imerudi. Zirudishe kwenye thamani ya leo kwa asilimia 12: 39.3, 35.1, 31.3 na 34.3. Jumla ni 140. Toa 130. Thamani halisi ya sasa, ile mnayoiita NPV, ni 10. Inunue.

Ona umbali huo, kutoka hasi 98 hadi chanya 10, na hapakuwa na fomula hata moja usiyoijua.

Bado riba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hata hao watu wa benki wanaokutisha huteleza hapahapa. Wamezoea kuona mkopo kwanza, mradi baadaye. Ile 44 ni fedha ambayo mradi unazalisha kwa ajili ya wote walioutia mtaji, aliyekopesha na mwenye hisa. Na ile asilimia 12 imeshabeba madai yao wote wawili. Tuifungue tuone ndani. Mkopeshaji anadai asilimia 10, lakini riba nayo hupunguza kodi, kwa hiyo mzigo halisi wa kampuni ni asilimia 7. Tuseme wenye hisa wanadai asilimia 17, na kwa bei za soko kampuni ni nusu deni, nusu hisa. Nusu ya 7 ni 3.5, nusu ya 17 ni 8.5. Jumla 12. Hiyo ndiyo gharama ya wastani ya mtaji, WACC yenu, na riba imo tayari. Ukiitoa tena kwenye fedha za kila mwaka, mkopeshaji unamlipa mara mbili kwa deni moja.

Usidhani ni ubishi wa mhadhiri kupenda mistari safi. Riba ya mkopo wa 60 ni 6 kwa mwaka, baada ya nafuu ya kodi 4.2. Kwa miaka 4, thamani yake ya leo ni karibu 12.8. Toa kwenye ile 10 tuliyoipata: hasi 2.8. Kosa hilo peke yake, kila kitu kingine kikiwa sahihi, linageuza "nunua" kuwa "usinunue".

Nimesema kwa bei za soko, na si kwa tarakimu za mizania. Mizania inakwambia wenye hisa waliweka kiasi gani zamani na faida gani iliachwa ndani. Wanachodai leo wanakidai kwa thamani ya leo. Swali likikupa vyote viwili, thamani ya vitabu na ya soko, ujue ya vitabu imewekwa kukutega. Pia asilimia hiyo ni ya mradi. Kampuni ya mabasi ikitaka kuingia kwenye uchimbaji wa madini, haiwezi kupima mgodi kwa asilimia inayofaa mabasi, kwa sababu wanaotoa mtaji watadai fidia ya hatari ya mgodi. Asilimia ya madai ya mwenye hisa yenyewe mtaitafuta kwa CAPM, modeli aliyoichapisha William Sharpe mwaka 1964 na iliyochangia yeye kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Fomula yake ni mstari mmoja. Wazo ambalo mtihani huuliza ni hili: hatari ambayo mwekezaji angeweza kuiondoa kwa kutawanya hisa zake kwenye kampuni nyingi, soko halimlipi kuibeba. Analipwa kwa ile inayotikisa kampuni zote kwa pamoja tu. Beta inapima hiyo. Ukilieleza hilo kwa sentensi zako mwenyewe, mengine ni kuzidisha.

Bado sijagusa IRR, kiwango cha ndani cha faida, yaani asilimia ambayo ukiitumia NPV inakuwa sifuri, na barua yako haikuitaja, lakini itakuja kwenye mtihani, usijidanganye. Kwa mradi wako ni kama asilimia 15.5, inazidi 12, kwa hiyo inakubaliana na NPV. Tatizo linaanza miradi ikiwa miwili na unaruhusiwa mmoja. Mradi wa kwanza unaweka 10, baada ya mwaka unapata 15: asilimia 50. Wa pili unaweka 100, unapata 125: asilimia 25. Kwa gharama ya mtaji ya asilimia 12, wa kwanza unaongeza utajiri wa wenye kampuni kwa 3.4, wa pili kwa 11.6. Chukua wa pili. Asilimia kubwa ya kitu kidogo haimnufaishi mtu kuliko asilimia ya kawaida ya kitu kikubwa, ila ukumbini, mbele ya bodi, asilimia 50 husikika vizuri mno. Ndiyo maana IRR haifi. John Graham na Campbell Harvey walichapisha mwaka 2001 matokeo ya kuwahoji wakurugenzi wa fedha 392. Karibu robo tatu walisema wanatumia NPV siku zote au karibu siku zote, na IRR vilevile. Utakutana nayo kazini, kwa hiyo ijue na mitego yake.

Tuje kwa Modigliani na Miller. Nakubaliana nawe kwamba hakuna kampuni ya namna hiyo. Wao wenyewe walijua. Lakini angalia walichokuwa wanakipinga walipochapisha makala yao mwaka 1958. Watu walikuwa na hoja nyepesi: mkopo ni wa asilimia 8, wenye hisa wanadai 12, basi tukope zaidi, gharama ya mtaji ishuke. Inaingia akilini, na hadi leo utaisikia ofisini. Wao wakauliza: mwenye hisa akiona mbele yake kuna mkopeshaji anayelipwa kwanza, ataendelea kudai 12 ileile? Hatadai hiyo. Hatari yake imepanda. Bila kodi, kampuni ikiwa nusu deni kwa asilimia 8, atadai 16. Nusu ya 8 na nusu ya 16: tuko palepale kwenye 12. Nafuu yote uliyoiona kwenye mkopo umeilipa upande wa pili.

Wewe wodini unajua joto la mwili wenye afya. Huenda hakuna hata mgonjwa mmoja mwenye joto hilo siku hiyo, lakini bila kulijua, 39 isingekwambia chochote. Nadharia hii nayo itumie hivyo. Imekuorodheshea masharti ambayo yakitimia, kukopa hakuongezi wala hakupunguzi thamani. Basi mtu akikwambia kampuni yake imenufaika na mkopo, muulize ni sharti lipi limevunjika. Kodi? Modigliani na Miller waliishughulikia wenyewe mwaka 1963: deni la kudumu la 100, kodi ikiwa asilimia 30, linaongeza thamani ya 30 kwa sababu serikali inachukua kidogo. Kufilisika? Hapo gharama za mawakili, wateja wanaokimbia na wauzaji wanaotaka kulipwa papo hapo zinaanza kuila ile 30. Taarifa? Stewart Myers na Nicholas Majluf, 1984, walionyesha kwamba wakurugenzi wakijua zaidi ya soko, kutangaza kuuza hisa mpya kunawatia wawekezaji shaka, na bei inaweza kushuka kwa tangazo lenyewe. Muhula wote uliobaki, sehemu ya muundo wa mtaji, mtakuwa mnavunja sharti moja baada ya jingine. Asiyeielewa orodha ya mwanzo anabaki anakariri nadharia sita zisizohusiana.

Wiki tano zinatosha, ila si kwa kadi. Kadi zihifadhi, siku mbili kabla ya mtihani utazihitaji. Kwa sasa chukua swali moja la maamuzi ya uwekezaji kila unapokaa kusoma, chora mstari, na mbele ya kila tarakimu andika kwa maneno kwa nini umeiingiza au umeiacha. Jibu la mwisho si lazima ulifikie. Ukiwa na dakika 30 kabla ya zamu, mstari na maneno vinatosha. Vipeo vifanye siku ya mapumziko. Swali likitaja mfumuko wa bei, angalia jambo moja tu: kama fedha za miaka ijayo zimeshapandishwa kwa mfumuko, asilimia nayo iwe yenye mfumuko ndani, kama hazijapandishwa, iwe isiyo nao. Kuchanganya ndiko kunakopoteza alama.

Na usome ripoti ya mwaka ya kampuni moja iliyo kwenye soko la hisa. Moja tu. Kampuni hizi huziweka wazi, ni za kupakua bure. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Nyingi huanza na faida, kisha zinashuka mstari kwa mstari: uchakavu umerudishwa, madai ya wateja yameongezeka, bidhaa ghalani zimepungua, hadi unafika kwenye fedha zilizoingia kutokana na shughuli za kampuni. Utaona 14 yako ikigeuka 44, kwa tarakimu za watu halisi. Ukurasa huo unafundisha kuliko sura mbili za kitabu, na nashangaa wahadhiri wengi hawauanzi nao.

Wahasibu wa darasani kwako wasikunyime usingizi. Msamiati wanao, hilo kweli, na wiki za mwanzo msamiati unaonekana kama akili. Lakini wana mazoea ya kuvua: wamefunzwa kuandika pato siku bidhaa inapouzwa, hata mteja akilipa miezi mitatu baadaye. Somo hili linawauliza fedha imeingia lini. Wewe huna zoea hilo la kuvua.

Kwenye kundi, slaidi hizo ziache. Sisemi ugombane nao. Waambie mkutano ujao unataka kukagua jedwali kabla halijawasilishwa, kisha nenda moja kwa moja kwenye seli ya NPV. Excel huihesabu tarakimu ya kwanza ndani ya mabano kama fedha ya mwisho wa mwaka wa 1, haijui kwamba umekusudia leo. Ukiiwekea hasi 130 pamoja na zile nyingine kwa mradi wako, itakupa 8.9 badala ya 10, na haitakuonya. Fedha ya leo huwekwa nje ya mabano, ikajumlishwa mwishoni. Makundi mengi huwasilisha na kosa hili, kwa sababu 8.9 inaonekana jibu la heshima kabisa. Ukilikuta, rekebisha mbele yao na uwaeleze kwa mstari wa muda. Usipolikuta, waombe sehemu ya kuandika dhana zote zilizo nyuma ya tarakimu: mauzo yametoka wapi, kwa nini asilimia hii, mtaji wa uendeshaji umekadiriwaje. Maswali ya mhadhiri siku ya uwasilishaji hutua hapo, na atakayejibu ni aliyeandika.

Fomu ya kuhamia rasilimali watu usiijaze sasa. Kama unapenda fani hiyo, ni fani nzuri, utaijaza baada ya matokeo, ukiichagua kwa ajili yake yenyewe. Ukihama kulikimbia somo hili, umeshasema mwenyewe utalikuta hukohuko.

Wiki hii nenda kwa mhadhiri na karatasi yako ya mtihani, pamoja na mstari wa muda ulioandika upya kwa mkono. Usimwombe alama. Mwombe akague uliyoyaacha nje ya mstari na sababu zako. Kama hana nafasi, muulize nani husimamia mazoezi ya vikundi, umpelekee huyo.